Tumbo la Wilhelmina, Tumbo la Josephat

Dada yangu Wilhelmina hakuwa mtu wa kusamehe, na mimi mdogo wake sikuwahi kumshauri asamehe. Nalisema hili mapema ili anayetafuta habari za watu wapole akatafute kwingine. Wapo wanaotendewa ubaya wakamwachia Mungu. Wilhelmina alimwachia Mungu mwaka mmoja na miezi mitano, akaona Mungu ana shughuli nyingi, akaamua kumsaidia.

Kwetu ni Misungwi, kwenye pamba, mtama na viazi. Wilhelmina aliolewa na Josephat mwaka 1977, wakahamia Kirumba, Mwanza mjini. Josephat wakati huo alikuwa karani wa pamba katika chama cha ushirika. Ushirika ulipoyumba na serikali ikaruhusu kila mtu ajifanyie biashara, yeye akaingia kwenye sangara. Akawa wakala wa kiwanda kimoja cha minofu, kazi yake kupokea samaki kutoka mitumbwini na kuwafikisha kiwandani wangali na barafu. Alinenepa, akanunua redio kubwa, akaanza kuvaa suti ya kaunda hata siku za kazi. Dada naye alifungua kibanda cha chakula Mwaloni, hatua chache kutoka soko la samaki. Wapagazi, wavuvi na wachuuzi wa dagaa walikula kwake.

Na walikula kwake kwa sababu nyingine zaidi ya mapishi. Kwetu mpishi hutangulia. Ukimwandalia mtu asiye wa nyumba yako, unakata tonge la kwanza wewe, unachovya, unameza mbele yake, ndipo naye ananawa mikono. Huko ni kumtoa mgeni wasiwasi, kwa sababu watu wa ziwani wanaogopa kulishwa kitu kuliko wanavyomwogopa mamba. Mjini wengi walishaiacha desturi hiyo. Wilhelmina hakuiacha. Kila mchana, ugali wa kwanza ukigeuzwa kwenye sinia, alisimama mlangoni akala tonge kubwa huku wapagazi wakimshangilia, akapangusa mdomo na kusema, "Nikifa mnizike, nisipokufa mle." Pale Mwaloni wakamwita Mama Tangulia.

Ugonjwa wa sukari ulijulikana kwake mwaka 1984, alipojifungua mtoto wa kilo tano na ushei ambaye hakumaliza siku mbili. Josephat naye alipimwa mwaka 1989 akakutwa nao. Majirani walitania kwamba nyumba ile imejengwa juu ya mzinga. Wawili hao walimeza vidonge vya aina moja, walikatazwa soda ileile, na chumbani walikuwa na dumu moja la maji ya kunywa kwa kiu ya usiku. Kwa miaka mingi nilidhani basi na ugonjwa wenyewe ni mmoja.

Kwa Josephat ulishuka tumboni kwa mbio. Mwaka 1992 alianza kuharisha bila homa wala msokoto, ghafla tu, siku nyingine mara nane, kisha wiki nzima kimya. Siku moja ilimkuta mizanini samaki wakipimwa, akatupa kalamu akakimbia. Siku ya tatu ndugu zake walikuwa wameshafika kutoka kijijini na beberu wa kumchinjia. Alilazwa, akapimwa, akaulizwa kila swali, na baba yake mdogo akakaa kando ya kitanda akimpepea. Lakini aliyegundua dawa ni dada yangu, kwa macho yake tu. Aliona kwamba maziwa ambayo hayajaganda, aliyoyapenda mno, yanamharibia kabisa, mgando kidogo unamwacha salama, na uji wa mtama unamtuliza. Tangu hapo hawakwenda ugenini bila Wilhelmina kutangulia jikoni kwa wenyeji na kunong'ona, "Mume wangu msimpe maziwa." Wanaume wenyeji hawakuijua siri hiyo. Josephat mwenyewe alitembea kifua mbele kama aliyelishinda tumbo kwa ushujaa.

Kwa Wilhelmina ulishuka kwa kugoma. Alianza kushiba kabla hajala. Matonge matatu tu, tumbo limejaa hadi kifuani, kichefuchefu kimemkamata, na jioni anatapika maharage ya jana yake, mazima, unaweza kuyahesabu. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Wangemwona dada yangu wangenyamaza, maana ya jana kwake yalikuwa bado yapo. Na kwa kuwa vidonge alikuwa ameshameza na chakula kimekataa kushuka, sukari ilimpungukia mwilini, akatetemeka na kulowa jasho mpaka alambe kijiko cha sukari ndipo macho yatulie.

Kwa huyu hakuna aliyeleta beberu. Kwenye zahanati alipewa dawa za malaria, kisha za minyoo, kisha za vidonda vya tumbo, na kila mara aliulizwa kwanza kama ni mimba. Wifi yake Suzana, dada wa Josephat, aliyekuwa akimsaidia kibandani, alimwambia kwa ile huruma ya mdomoni, "Wifi, punguza kujidekeza." Mwanamume akiharisha ni mgonjwa, mwanamke akitapika ana lake jambo. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi mwenyewe niliwahi kumuuliza dada, kwa kunong'ona, kama mimba tuliyoidhania ni ya Josephat. Hakunisemesha siku nne.

Februari 1994 Josephat alimpeleka kwenye kliniki moja ya mtu binafsi, miongoni mwa zile zilizofunguliwa mjini enzi za ruksa. Daktari alimpima, akamgonga tumbo kwa vidole, akamuuliza anachotapika ni cha lini. Kisha akamwambia akakae nje kwenye benchi, akamwita mumewe ndani. Ndivyo ulivyokuwa utaratibu wa pale, majibu ya mke alikabidhiwa mume. Josephat alikaa ndani kama dakika kumi. Alipotoka alisema, "Daktari anasema huna kitu. Ni wasiwasi tu, uache kuwaza sana." Wakarudi Kirumba, dada akiwa ameanza kuamini kwamba labda kweli anajitapisha mwenyewe.

Mwezi uliofuata mpagazi mmoja aitwaye Ngosha alishikwa na tumbo akalazwa. Siku ile alikuwa amekula kwenye vibanda vitatu, lakini Suzana alikitaja kimoja tu, cha wifi yake. Tena watu walikuwa wameona kwamba Mama Tangulia hatangulii tena, anagusa tonge mdomoni na kulirudisha kwa siri pembeni ya sinia. Maneno yakaanza kutembea pale Mwaloni.

Jumamosi moja mimi nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea michembe, viazi vyetu vya kukausha, kutoka nyumbani. Wateja walikataa kunawa. Walikunja mikono wakasema, "Mama, tangulia." Wilhelmina alikata tonge dogo akameza. Suzana akasema, "Ongeza, wifi. La zamani si lilikuwa kama ngumi?" Akameza la pili na la tatu, jasho likimtoka. Hakufika mlangoni. Alitapika palepale mbele ya watu arobaini, na kilichotoka kilikuwa kingi kuliko alichokula, kwa sababu kilikuwa cha siku mbili.

Suzana akasema, hata bila kupaza sauti, "Alichotuandalia kimemrudi."

Mtu mmoja aliipindua sinia. Mwingine akashika kasia. Josephat alikuwa amesimama kando na mawakala wenzake, na watu wote wakamgeukia, maana mume ndiye amjuaye mkewe. Neno moja lingetosha. Aliinamisha uso akatazama viatu vyake. Nilimshika dada mkono nikamtorosha kupitia vichanja vya dagaa, na jiwe moja lilipita karibu na sikio langu. Jioni hiyo nguo zake ziliwekwa nje ndani ya shuka lililofungwa fundo. Wiki iliyofuata Suzana alikuwa anapika kwenye kile kibanda kama bibi mwenye nyumba.

Nilimrudisha nyumbani Misungwi amekonda vibaya. Nilipoona hata maji yanamrudi, nilimpeleka kwenye kituo cha afya cha masista. Muuguzi wa pale alikuwa Akinyi, mwanamke wa Mara, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha. Alimtazama dada kwa muda.

"Mama, mimi nakufahamu," alisema. "Wewe si ulikuja kule kliniki ya mjini, ukakaa kwenye benchi na kitenge cha njano? Nilikuwa kule kabla sijahamia hapa. Zile dawa zilikusaidia?"

"Dawa gani?"

"Alizokuandikia daktari. Na chakula laini, kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na kutembea ukishakula. Mimi mwenyewe nilimwandikia mumeo kwenye karatasi."

"Mume wangu aliniambia ni wasiwasi," dada alisema.

Akinyi aliweka kalamu mezani. "Nilisimama mlangoni na faili lako mkononi. Daktari alimwambia kwamba sukari ya miaka mingi imeharibu mishipa ya fahamu ya tumbo lako, kwa hiyo tumbo halisukumi chakula. Akamwambia awaeleze watu wa nyumbani, maana utatapika mbele za watu na watakufikiria vibaya. Mumeo akasema, 'Nimeelewa, daktari.'"

Dada akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Mbona yeye anaharisha na mimi nimeziba? Sukari si ni ileile?"

"Ni ileile, mama. Inakula mishipa popote inapoifikia. Lakini wanaokuja kwangu na tumbo lililogoma, na kichefuchefu na shibe ya haraka, wengi ni wanawake. Wanaume wangu wengi wanalia kuharisha, na wengine hawasemi mpaka waanguke. Siyo sheria, nimeona wanaume wanatapika pia. Kwa nini iko hivyo sijui, na daktari naye aliniambia hajui. Ninachojua ni kwamba mwanamume akisema tumbo, tunapima. Mwanamke akisema tumbo, tunauliza mimba."

Njiani nililia mimi, dada hakulia. "Rebeka," alisema, "alikuwa na dawa yangu mfukoni siku ile. Alisimama pale na dawa yangu mfukoni."

"Tukaichome nyumba yake," nilisema, na sikuwa natania.

"Nyumba atajenga nyingine. Mimi nataka asimame mbele za watu, tumbo lake limuumbue, wote wamtazame, na asiwepo hata mmoja wa kumsemea. Kama mimi." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Nilijua hatabadili neno.

Alifuata masharti ya Akinyi bila kukosa. Uji mwepesi, supu ya sato iliyochujwa, viazi vilivyopondwa, kidogo kidogo, kisha anazunguka uwanja mara kumi kuku wakimkimbia. Vitu vya majimaji tumbo lake lilivikubali. Siku za kutapika zilipungua ingawa hazikuisha. Akapata nguvu, tukafungua kibanda cha uji wa mtama pale Kigongo, kwenye kivuko cha kwenda Busisi. Kule hakuna aliyemjua. Walimwita Mama Uji, na akiulizwa habari za mume alijibu kwamba alikufa.

Huko ndiko alikopata rafiki. Kija alikuwa mjane wa Busisi wa miaka hamsini na kitu, mpishi wa sherehe zote za upande ule, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Kila siku ya soko alivuka, akakaa kwenye benchi letu mpaka kivuko cha kurudi. Siku moja sukari ilimpungukia dada ghafla, akaanguka na kutetemeka. Abiria wote walikimbia wakisema ni mapepo. Kija alikaa chini kwenye vumbi, akakipakata kichwa chake, akamtia sukari chini ya ulimi kwa kidole chake mwenyewe. Hakuuliza ni ugonjwa gani. Tangu siku hiyo dada alimwita mayu, yaani mama, ingawa hawakupitana sana umri.

Agosti 1995, mwaka ule wa vyama vingi, bendera za kila rangi zikiwa zimening'inizwa hadi kwenye kivuko, Kija alikuja na furaha.

"Tunaozesha binti wa kaka yangu Mihayo," alisema. "Bwana ni mtu mzima wa Kirumba, wakala wa sangara, anaitwa Josephat. Wewe si ulikaa Kirumba? Unamfahamu?"

"Namfahamu," dada alisema. "Niliwahi kumpikia."

"Basi nisaidie, mpenzi wangu. Mimi ndiye nitakayempokea kwa kinywaji. Pombe naambiwa hanywi, ni mlokole. Nimewaza mgando."

Dada alikoroga uji mara mbili tatu. "Mgando wa nini, mayu? Mpe maziwa ya asubuhi hiyohiyo, yasiyoganda. Anayapenda kuliko kitu chochote. Mpe kata kubwa, akimaliza umwongeze. Yeye ataona haya kuomba."

Kila neno lilikuwa la kweli, na ndiyo maana lilikuwa zuri. Mimi nilikuwa naosha vikombe nimeinama, nikacheka mpaka machozi yakaingia kwenye maji ya kuoshea. Na palikuwa na jambo jingine ambalo dada hakuhitaji kulisema, kwa sababu kila Msukuma analijua. Mkwe wa kiume haingii choo cha wakwe zake. Afadhali apasuke. Na maziwa ya ukweni hayakataliwi, kwa sababu anayekataa maziwa amekataa ng'ombe wa ukoo na ukoo wenyewe.

Siku ya sherehe tulivuka, vilemba tumevishusha hadi machoni. "Nataka nione," dada alisema. Tulisimama na wale wasioalikwa, nyuma ya ua wa minyaa. Josephat aliketi kwenye kiti cha mbele katika suti mpya ya kaunda, Suzana kando yake akijipepea kwa leso. Kija alitoka jikoni na kata, akapiga goti, akanywa yeye kwanza mafunda mawili kama ilivyo desturi, akampa.

Josephat aliyatazama yale maziwa. Nilimwona akigeuza macho kuelekea jikoni, akimtafuta mtu wa kumsemea. Hakuna aliyetoka. Akanywa. Kija akamwongeza, akanywa tena, wakwe wakapiga vigelegele. Wali na nyama vilifuata.

Haikupita saa moja. Alianza kulowa jasho usoni. Akakunja miguu, akaikunjua. Alitazama upande wa ziwani, pamba ilikuwa imeshavunwa na mashina kung'olewa, shamba jeupe hadi majini, hakuna hata kichaka cha kumficha kuku. Alitazama choo, kilikuwa nyuma ya jiko la mama mkwe, na mama mkwe amekaa mlangoni. Wakati huohuo mshereheshaji akamwita asimame ashukuru. Akasimama. Akasema, "Wazee wangu," na hapo likamtoka, likashuka hadi kwenye soksi.

Dada alinifinya mkono mpaka kucha zikaingia. "Hapo," alisema kwa sauti ya chini. "Hapohapo. Mtazameni." Nami nilitazama, na nilifurahi kuliko siku ya ubatizo wa mwanangu. Nikikana nitakuwa mwongo.

Wanaume wawili walimzungushia khanga kiunoni. Ndipo Suzana alipopiga kelele, "Wamemlisha ndugu yangu! Ni yule! Yule mama ndiye aliyempa!"

Kija alikuwa bado ameshika kata. "Nimetangulia kunywa mimi, mmeniona wote."

"Ana kinga! Mtazameni macho!"

Kwetu macho mekundu ya mwanamke mzima, tena mjane, husemwa ni ya uchawi, na yameshawaponza zaidi ya mmoja. Watu walioalikwa walirudi nyuma, na wenyeji wake mwenyewe, aliowapikia misiba na harusi zao, nao wakarudi nyuma. Jiwe la kwanza lilimpata begani. Mihayo, kaka yake, aliinua mikono kuzuia watu, akamgeukia Josephat. "Mkwe, sema. Una ugonjwa wowote, au hiki ni kitu cha leo?"

Josephat aliinamisha uso akatazama chini, na kimya chake kilikuwa kilekile cha Mwaloni.

"Twende," nilimwambia dada. "Kivuko kinakaribia kuondoka." Ndiyo, nilisema hivyo. Dada hakunisikia. Alikuwa anamtazama Josephat, macho hayapepesi, kama mwenye njaa anayetazama sahani ikijazwa. Jiwe la pili lilimwangusha Kija kwenye magoti. Ndipo dada yangu alipoupasua ule ua wa minyaa, utomvu ukimtiririka mikononi, akaenda kusimama mbele ya Kija na kuvua kilemba.

"Mchawi mwenyewe huyo hapo!" Suzana alilia.

"Ni mimi," Wilhelmina alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia huyu mama ampe maziwa yasiyoganda. Yeye hakujua lolote. Huyo bwana alikuwa mume wangu miaka kumi na saba. Maziwa hayo yanamharisha, kwa sababu ana ugonjwa wa sukari. Na mimi ninao. Wake ulimfungua, wangu ulinifunga. Hapa hakuna uchawi. Pana ugonjwa, na pana mimi niliyetaka aaibike mbele za watu." Akageuka. "Josephat, waambie daktari alikuambia nini juu yangu."

Mihayo akasema, "Bwana, huyu anayepigwa ni dada yangu. Akifa hapa, kimya chako ndicho kitakachokuwa kimemuua."

"Nina sukari," Josephat alisema hatimaye. "Niliwaficha."

"Na la daktari?" dada aliuliza.

"Alisema tumbo lake limekufa ganzi. Alisema niwaeleze watu." Akakaza fundo la khanga. "Nilikuwa nimeshaanza kuja huku Busisi kwa binti yenu. Nikanyamaza."

Suzana aliketi chini mavumbini. Yeye hakujua, na ilionekana usoni kwamba hakujua, lakini sikumhurumia. Mihayo alitoa jibu lake bila kwenda faragha na wazee. Ugonjwa si kosa, alisema, hata yeye mgongo unamsumbua. Lakini binti yake hawezi kumkabidhi mtu anayeweza kukaa kimya namna ile, mara mbili. Ng'ombe wa mahari wangevushwa kurudi Jumatatu. Josephat alivuka jioni hiyo na khanga ya kuazima, watu kwenye kivuko wamemwachia nafasi kubwa pande zote. Kabla wiki haijaisha Kirumba yote ilikuwa na habari. Hata Ngosha yule mpagazi alipanda gari hadi Kigongo kuomba radhi, akanywa vikombe vinne vya uji. Josephat aliacha uwakala akarudi kijijini, na beberu safari hii hakuletwa.

Hivyo dada yangu alipata alichokitaka chote, tena na jina lake likasafishwa.

Kija alivuka baada ya wiki tatu, mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni. Alikaa kwenye benchi lake. Dada alimimina uji, akatangulia funda moja, akampa. Kija hakukipokea kikombe.

"Bega linakuuma bado, mayu?"

"Linapona." Alimtazama dada kwa yale macho yake mekundu. "Najua ulitoka ukaniokoa. Watu wote wananiambia nishukuru, na ninashukuru. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Kati ya jiwe la kwanza na la pili, ulikuwa unangoja nini?"

Dada alikiweka kikombe kwenye benchi, kati yao.

"Nilikuona," Kija alisema. "Nilikujua hata chini ya kilemba. Nikasema moyoni, rafiki yangu yupo, atasema. Na wewe ulikuwa unamtazama yeye. Mimi napigwa, wewe unamtazama yeye."

Aliinuka akapanda kivuko. Baada ya hapo aliendelea kuvuka kila siku ya soko, kwa miaka mingi, lakini uji alinunua upande wa pili wa barabara.

Nikimuuliza dada kama anajutia alilomfanyia Josephat, ananijibu upesi kwamba hapana, na kwamba angepata nafasi angerudia na kata ya tatu. Habari za Kija haniruhusu kuuliza.